Daktari, nilisema tutaona asubuhi

Shikamoo Daktari,

Barua hii nimeiandika mara tatu nikaifuta. Leo naituma ilivyo.

Nilikuwa na mbwa anaitwa Jabali, dume la miaka 8, mama yake German Shepherd, baba yake hatumjui. Mkubwa, kifua kimeshuka chini, kiuno chembamba. Chanjo zake zote alipata, ya kichaa cha mbwa hatukuruka hata mwaka mmoja. Sikumbuki kumpeleka kwa daktari kwa ugonjwa, zaidi ya sikio mara moja. Alikuwa anakula mara moja kwa siku, jioni, bakuli limejaa, na alikifakamia chakula kama kuna mtu anamfukuza. Jioni hiyo alikula saa moja na nusu, akanywa maji mengi, kisha akaanza kukimbizana na binti yangu uani.

Saa tatu nikasikia anakokomoka nje. Nikatoka na tochi. Miguu ameitanua, kichwa amekiinamisha, mgongo umepinda, anajikakamua kutapika mpaka mbavu zinahesabika, na kinachotoka ni povu jeupe tu na ute unaoning'inia mdomoni. Anaacha, anatembea hatua kumi, anaanza tena. Anataka kulala, akigusa chini anainuka. Halafu anageuza kichwa na kuutazama ubavu wake, kama kuna mtu kamgusa huko nyuma akajificha.

Binti yangu ana miaka 11. Akasema, "Baba, tumbo lake limekuwa kubwa." Nikamwambia ni shibe. Akasema, "Tumpeleke kwa daktari." Nikamwambia saa hizi kliniki zimefungwa, tutaona asubuhi.

Mimi nilijua ni mfupa umekwama. Nikamfungua mdomo, nikaingiza vidole kooni, sikukuta kitu. Nikamnywesha mafuta ya kupikia kama nusu kikombe ili uteleze. Jirani niliyempigia simu akasema huenda amekula sumu, mpe maziwa. Nikampa maziwa, mengi yakamwagika. Nikamkanda tumbo. Likazidi kuwa gumu, ukiligonga kwa kidole linalia kama ngoma. Saa sita akawa hataki tena kusimama. Nikamfunika blanketi, nikakaa naye kidogo, nikaenda kulala. Ndiyo, Daktari, nilienda kulala. Nilipotoka saa kumi na moja alfajiri alikuwa ameshapoa.

Daktari anayetuchanjia mbwa nilimsimulia baadaye. Alikuwa na watu wengi wanamsubiri, akasema tu, "Tumbo lilijipinda hilo," basi.

Nina mambo matatu. La kwanza, je, nilimuua? Naomba usinibembeleze. La pili, binti yangu hanisemeshi. Salamu anaitikia, akitumwa anakwenda, lakini mazungumzo hakuna. Wiki iliyopita aliniuliza swali moja tu: "Ungekuwa wewe ndiye unaumwa, tungengoja asubuhi?" Sikuwa na jibu. La tatu, tunaye Tausi, dada yake Jabali, wamezaliwa tumbo moja. Akikohoa kidogo naruka kitandani. Usiku naamka mara mbili kwenda kumgusa tumbo. Nifanye nini ili lisimpate na yeye?

Baba asiyelala

*

Marahaba, Baba. Pole sana.

Hutaki kubembelezwa, basi nakujibu la kwanza bila kuzunguka. Mafuta hayakumuua Jabali, maziwa hayakumuua, wala vidole vyako. Sikumwona, na hakuna aliyempasua baada ya kufa, lakini kwa ulivyoeleza nakubaliana na mwenzangu: mfuko wa chakula ulijaa gesi ukajipindua ndani ya tumbo. Ugonjwa huo ukiachwa hadi asubuhi, karibu kila mara mbwa hufa. Ungetoka nyumbani saa tatu, ukampata mtu wa kumpasua, Jabali angekuwa na nafasi nzuri ya kurudi. Nasema nafasi, kwa sababu nimepokea walioletwa mapema wakafia mezani, na nimepokea waliochelewa wakarudi kwao wakitikisa mkia. Ila alipokataa kusimama saa sita, nafasi yenyewe ilikuwa imebaki kidogo sana. Kwa hiyo, ndiyo, kungoja kulimnyima nafasi aliyokuwa nayo. Kuua ni neno jingine. Wewe usiku ule ulikuwa unapambana na mfupa ambao haukuwapo.

Nataka uelewe hasa kilichotokea, maana "lilijipinda" halimsaidii mtu kulala.

Mfuko wa chakula wa mbwa unaning'inia ndani ya tumbo ukiwa umeshikwa huku juu na umio, huko chini na utumbo. Katika mbwa mwenye kifua kirefu kilichoshuka, kama Great Dane, German Shepherd, Doberman na wengine wa umbo hilo, una nafasi kubwa ya kubembea. Ukijaa gesi unaweza kuzunguka. Chukua mfuko wowote laini, ujaze hewa, ushike ncha zake mbili kisha uusokote: milango yote miwili inajifunga kwa mpigo. Chakula hakishuki, gesi haitoki, na mbwa anajikakamua kutapika kitu kisicho na njia. Lile povu na ule ute uliouona ni mate aliyokuwa akiyameza yakakuta mlango umefungwa, yakarudi.

Hiyo ni nusu ya hatari, tena ile ndogo. Mfuko unaoendelea kuvimba unaukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni kutoka nusu ya nyuma ya mwili. Moyo unapiga, lakini damu ya kupiga haiji. Fizi zinapauka, miguu inakosa nguvu, mbwa anaacha kuhangaika, na hapo mwenye mbwa hudhani ametulia, ameanza kupata nafuu. Wengu, ulioshikamana na mfuko huo, nao unavutwa na kusokotwa. Ukuta wa mfuko unaanza kufa kwa kukosa damu, kisha mapigo ya moyo yanavurugika. Haya yote ni mambo ya saa chache tu.

Sasa yale mafuta yangepita wapi? Njia yao pekee ilikuwa kurudi juu, na hatari yake ni kuingia mapafuni. Kukanda hakusokotoi mfuko kinyumenyume. Nisemeshe hapa na wale wanaoniuliza kila mara kama wanaweza kutoboa tumbo kwa sindano wakiwa nyumbani: hapana. Kliniki tunafanya hivyo, tunaachia gesi kwa sindano nene ubavuni au kwa mpira unaopitishwa mdomoni, lakini ni kazi ya kununua muda wakati dripu zinaingia kwa kasi kwenye mishipa miwili na picha ya eksirei inapigwa. Baada ya hapo tunapasua, tunaurudisha mfuko mahali pake, tunakata sehemu iliyokufa kama ipo, mara nyingine na wengu, kisha tunaushona mfuko kwenye ukuta wa tumbo upande wa kulia usipate kuzunguka tena.

Upasuaji huo ni mkubwa na gharama yake si ndogo, najua. Kuna watu hawatoki nyumbani kwa sababu wanaijua hesabu kabla hawajaisikia. Nenda hivyo hivyo. Hata pale ambapo upasuaji hauwezekani, daktari ana dawa ya maumivu, na ikibidi ana sindano ya kumpumzisha milele. Maumivu ya tumbo lililojipinda ni makali mno, na mbwa halii kama mtu. Anatazama ubavu wake, kama ulivyomwona.

*

Ulipopotea ni pale ulipoanza kutibu. Mtu yeyote ukimpa mbwa anayetaabika na jiko lililo karibu, atatafuta cha kumnywesha. Mikono inataka kazi. Lakini katika dharura ya mbwa, kazi ya mwenye mbwa ni kutambua, kupiga simu na kumbeba. Kunywesha hakumo. Maziwa hayaui sumu. Chumvi ya kutapisha, ambayo bado naisikia ikishauriwa, inaweza kumuua mbwa yenyewe kwa kupandisha chumvi katika damu. Kutapisha mbwa aliyekunywa asidi ni kumuunguza mara ya pili, aliyekunywa mafuta ya taa yanaweza kumwingia mapafuni, na mbwa asiye na fahamu au mwenye degedege hatapishwi kamwe. Vidonge vya maumivu vya binadamu, parasetamoli na ibuprofeni, usimpe bila daktari kukwambia. Vinaharibu ini, damu, tumbo na figo. Ukishuku sumu, chukua pakiti au masalia yake uende nayo, hata kama mbwa anaonekana mzima. Zipo sumu za panya zinazozuia damu kuganda, na mbwa huanza kutokwa damu siku kadhaa baadaye, wakati umeshasahau kwamba aliila. Ukiwahi, vitamini K1 inamponya.

Kuhusu vidole kooni, nimeshukuru kusoma kwamba Jabali alikuwa amechanjwa kila mwaka. Mbwa mwenye kichaa cha mbwa anaweza kuanza hivyohivyo: udenda mwingi, taya limelegea, hawezi kumeza. Mwenye mbwa anasema mfupa umekwama, anaingiza mkono. Kama mbwa hajachanjwa, au humjui chanjo zake, na ghafla ameanza kutokwa udenda na tabia imebadilika, mkono wako usiingie mdomoni mwake. Ukiwa umeshaingia, au ameshakuuma, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu nenda hospitali ya watu siku hiyohiyo. Si kesho.

*

Tausi.

Hofu yako ina msingi. Mbwa ambaye ndugu yake wa damu amepatwa na ugonjwa huu yumo katika hatari zaidi kuliko mwingine, na umri nao unaongeza. Lakini kumwamsha usiku mara mbili hakumsaidii, na kunakuchosha wewe. Acha hilo. Badala yake fanya haya.

Kwanza chakula. Mlo mmoja mkubwa kwa siku na kula kwa pupa ni mambo mawili yanayotajwa kila ugonjwa huu unapochunguzwa. Ugawe mlo wake mara mbili au tatu. Kama naye anafakamia, kitandaze chakula kwenye sinia pana, au weka ndani ya bakuli jiwe laini ambalo hawezi kulimeza, alizunguke kwa ulimi. Bakuli libaki sakafuni. Zamani tuliwaambia watu waliinue, hata mimi niliwaambia. Kisha utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, uliochapishwa mwaka 2000 ukakuta mbwa wakubwa waliolishwa kwenye bakuli lililoinuliwa ndio walioupata zaidi. Kukimbizana baada ya kula, mpe saa moja hivi kwanza. Kwa hilo la kukimbia ushahidi si mzito, kwa hiyo usiende kumwambia binti yako kwamba ule mchezo wa uani ndio uliomponza Jabali. Lakini kupumzika hakuna hasara.

Haya yote yanapunguza, hayazuii. Kinachozuia kwelikweli ni ile kazi ya kushona mfuko kwenye ukuta wa tumbo, ikifanywa kabla ya ugonjwa. Mfuko unaweza bado kujaa gesi siku moja, lakini kuzunguka inakuwa vigumu sana. Kwa jike mara nyingi hufanywa siku hiyohiyo ya kumfunga kizazi, kazi mbili chale moja. Kwa umri wake wa miaka 8, daktari atataka kwanza kumpima damu na kumsikiliza moyo kabla ya kumlaza. Na kama hajafungwa kizazi, una sababu nyingine ya kuharakisha: majike wa umri huo hupata usaha kwenye mji wa mimba, mara nyingi wiki chache baada ya joto, yaani siku zao za kutaka dume, wakaanza kunywa maji kupita kiasi na kuzubaa. Hiyo nayo ni dharura, nayo huanza kimyakimya.

Halafu ujue Tausi mzima yukoje. Hapa ndipo wengi wanaponishangaza: wanajua mbwa wao anapenda kukunwa wapi, lakini hawajawahi kuziona fizi zake. Leo jioni, akiwa ametulia, inua mdomo wake wa juu pembeni. Ufizi ni wa waridi, una unyevu. Ubonyeze kwa kidole mpaka pabaki doa jeupe, kisha uachie na kuhesabu: moja, mbili. Kabla hujamaliza mbili rangi imerudi. Hiyo ndiyo damu inayofika. Ikichelewa, au ufizi ukawa mweupe kama karatasi, damu haifiki. Ukiwa wa buluu, hewa haitoshi. Mwekundu wa kuiva, mara nyingi ni joto kali au maambukizi mazito. Kama fizi zake ni nyeusi kwa asili, na mbwa wengi wako hivyo, vuta ngozi chini ya jicho uangalie nyama ya ndani.

Akilala usingizi, hesabu kifua kinavyopanda kwa dakika moja. Chini ya 30 ni sawa. Weka vidole viwili ndani ya paja lake la nyuma, juu karibu na kinena, usikilize mshipa. Kwa mbwa mkubwa aliyetulia utahesabu kama 60 hadi 100 kwa dakika. Andika. Usiku wa taabu hutaki kujifunza namna ya kupima, unataka kulinganisha.

Na tumbo lake ligonge kidogo kwa kidole, akiwa amekula na akiwa hajala, ujue linavyosikika siku za kawaida. Ile sauti ya ngoma uliyoisikia kwa Jabali huwezi kuichanganya na shibe ukishaijua shibe inavyolia.

*

Simu. Ulisema kliniki zimefungwa. Je, ulipiga? Sisemi kukuumiza; wengi hawapigi, wanadhani mlango uliofungwa ni daktari aliyelala. Kesho mchana, bila kungoja hayo mengine niliyoandika, mpigie yule anayekuchanjia umuulize mambo mawili. Usiku nimpigie nani? Na huyo nitakayempigia, ana uwezo wa kupasua usiku? Swali la pili ndilo watu wanalolisahau. Ukifika mahali wanapochoma sindano tu, watamchoma sindano, mtarudi nyumbani, na mfuko utabaki umepinduka. Ni bora kwenda mbali kidogo palipo na meza ya upasuaji. Namba hizo ziandike kwa mkono mkubwa, zibandike mahali kila mtu wa nyumbani anapoziona, pamoja na namba ya mwenye gari kama wewe huna.

Siku ikitokea, mmoja anapiga simu na mwingine anambeba mbwa. Simu iwe fupi. Usianze na alikula nini juzi. "Mbwa mkubwa, jike, miaka 8, anajikakamua kutapika hakuna kinachotoka, tumbo limevimba, ni nusu saa sasa, tunakuja." Mtu aliye upande wa pili akisikia hivyo anaanza kuandaa dripu kabla hamjafika. Hayo maneno 16 yana faida kuliko kikombe chochote cha mafuta.

Kumbeba, tumia ubao, mkeka au blanketi lililoshikwa pembe nne na watu wawili. Usimkumbatie tumboni. Mwache ajilaze anavyotaka. Mdomo usimfunge, maana anatafuta kutapika na anahitaji kuhema. Ila uso wako uwe mbali na meno yake, kwani mbwa mpole kuliko wote huuma akiwa na maumivu, na kesho yake hajui alikuuma.

Utajuaje cha kukimbilia usiku na cha kungoja? Mbwa aliyetapika mara moja, kikatoka kitu, kisha akanywa maji na kukutazama kwa macho yake ya kila siku, mngoje asubuhi. Anayechechemea lakini anakanyaga, anayeharisha kidogo na bado anataka kucheza, mngoje. Usingoje anayejikakamua bure. Usingoje tumbo linalovimba mbele ya macho yako, wala anayehema kwa shida amelala, wala fizi nyeupe au za buluu. Usingoje aliyeanguka akashindwa kusimama, anayejaribu kukojoa na mkojo hautoki, anayetokwa damu isiyokatika ukiikandamiza, wala mwenye degedege lililopita dakika 5 au linalorudi. Katika degedege usimshike ulimi, hatameza ulimi. Ondoa viti, zima taa, tazama saa. Mwisho kuna lile ambalo kitabu hakiwezi kukuandikia: pale mtu wa nyumbani anayemjua mbwa anaposema, "Huyu si yeye."

Na nyumbani kwako yupo aliyesema.

*

Nimeliweka la binti mwisho kwa sababu nilikuwa natafuta namna ya kulijibu.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipigiwa simu usiku na mama mmoja mtu mzima. Mbwa wake anahangaika, anatema povu. Nilikuwa nimechoka, nikamuuliza maswali mawili, nikamwambia mpe maji kidogo kidogo uje naye asubuhi. Asubuhi alikuja. Mkononi alikuwa na mkufu wa mbwa tu. Hakunigombeza. Akakaa kwenye benchi, akasema, "Nieleze, alikuwa na nini?" Nikaanza kumweleza mambo ya gesi na mishipa, kama nilivyokueleza wewe hapo juu, mpaka akanikatiza: "Sasa kwa nini uliniambia asubuhi?" Nikamjibu kwamba sikumuuliza kama kinatoka kitu anapotapika, na kwamba nilipaswa kumuuliza. Akanyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Haya." Tangu siku hiyo swali hilo ndilo la kwanza ninalouliza kwenye simu za usiku.

Binti yako hakuuliza swali la kitendawili. Swali lake lina jibu, nawe unalijua: hapana, nisingengoja. Mwambie hivyo. Mwambie na hili, kwa maneno yako: "Uliona tumbo kabla yangu. Ulisema twende, na nilipaswa kukusikiliza. Nilikosea." Baada ya hapo nyamaza. Usiongeze kwamba ilikuwa usiku, kwamba hukujua, kwamba hata madaktari hukosea. Yote ni kweli, na yote atayasikia kama kujitetea. Kisa changu usimpe, ni chako wewe. Na mtoto wa mbwa usimletee mwezi huu, utakuwa unamwambia Jabali ana mbadala.

Akilia, alie. Akiuliza kama Jabali aliumia, mwambie ndiyo, aliumia, na wewe ulikaa naye kidogo kisha ukaenda kulala, na hilo nalo unalijutia. Mtoto wa miaka 11 aliyeona alichokiona anajua tayari. Anachokipima ni kama nawe utakisema.

Kisha mpe kazi, kwa sababu anaiweza, si kwa kumfariji. Mwonyeshe fizi za Tausi. Yeye ndiye ahesabu pumzi, yeye aandike namba za simu na kuzibandika. Mpatane kwamba akisema "twende", mnatoka, na kama mkifika ikaonekana ni shibe kweli, hakuna atakayemcheka njiani wakati wa kurudi. Nimewafungulia mlango usiku watu wenye mbwa wazima kabisa, wakaniomba radhi kwa kunisumbua. Hakuna wagonjwa ninaowapenda kama hao.

Ukishampigia daktari wako kesho, niandikie kama Tausi amefungwa kizazi au bado, na mara ya mwisho alikuwa kwenye joto lini. Ikiwa ni ndani ya miezi miwili hii, usingoje jibu langu, mpeleke akapimwe wiki hii.